Mayai ya Lanet na Miguu ya Pikipiki

Jumatatu, 7 Julai 1958

Mayai yamevunjika tena. Si yote. Nusu tu! Nishukuru.

Mzee Khisa, mpishi mkuu wa mesi, bwalo la maofisa wa jeshi kule Lanet, amemrudisha mume wangu na sanduku la uji wa manjano na ujumbe kwangu mimi mwenyewe. Eti maofisa wa Malkia wamezoea kula yai kwa uma, si kulinywa kwa kikombe. Mzee ana maneno. Amesema atatuvumilia safari mbili tu, Alhamisi hii na Jumatatu ijayo. Baada ya hapo atatafuta mtu mwingine.

Mtu mwingine tunamjua. Ni Bi Mastura, jirani yangu hapa Bondeni. Ana kuku kama mimi, na ana gari la punda. Punda anaitwa Sultani. Sultani hutoka alfajiri kiza kizito, hutembea kama anayesindikiza jeneza, na hakuna yai linalopata hata ufa. Obeid wangu hutoka na pikipiki kunapopambazuka, humpita Sultani kwenye reli kwa kelele na honi, na hufika Lanet sanduku likidondosha ute. Mbwa wote wa njia ile wanatupenda.

Ubaya uko kwenye miguu ya mbele ya pikipiki, ile miwili inayoshika gurudumu. Imechoka. Springi zimelala, mafuta yanavuja mpaka gurudumuni, na kwenye kila shimo chuma kinagonga chuma, ta! Mimi pia nimechoka, na navuja, maana Rashidi hajaacha ziwa. Mbona kazi nafanya?

Nimemwambia Obeid aitengeneze. Amesema pikipiki ya Kiingereza ina heshima zake, haifunguliwi ovyo. Kisha akaleta neno lake la kila mwezi: mshahara wake wa kubeba mizigo stesheni hautoshi kodi ya vyumba viwili, kwa hiyo biashara ya mayai ikifa, mimi na watoto twende Mombasa tukae kwa mama yake, yeye atatuma pesa. Kwa Bi Kuluthum! Mama anayefunua sufuria zangu kabla ya kunijibu salamu. Na watoto wamwone baba yao kwa mwaka mara moja, kama mwezi wa Idi.

Nikamkumbusha ahadi. Mayai yakiendelea kununuliwa, tunabaki hapa pamoja. Akasema ndiyo, Mama Nuria, ahadi ni ahadi. Akaangalia lile sanduku, akacheka.

Basi nitaitengeneza mwenyewe.

Jumanne, 8 Julai

Rashidi mgongoni, Nuria mkononi, tumekwenda duka la spea. Mhindi mwenye duka amesema springi zinatoka Uingereza kwa meli. Sili pia, yaani kile kipete cha mdomoni kinachozuia mafuta yasitoroke. Labda Septemba. Labda Krismasi. Nikamwuliza kama anajua kuku wanaotaga mayai ya kungoja Krismasi. Hakucheka. Lakini amempa Nuria peremende, nikamsamehe.

Nikapita kwa Ephantus, fundi wa baiskeli karibu na soko. Ephantus hajafungua pikipiki tangu azaliwe, kwa hiyo alinieleza kwa uhakika mkubwa. Mguu wa pikipiki, anasema, ni pampu ya baiskeli iliyonenepa. Ndani springi, chini mafuta, mdomoni kipete. Springi imelala? Iwekee kitu juu, itasimama. Kipete kimekwisha? Kata kingine cha ngozi. Nikauliza, na mafuta, nitie gani? Akanitazama kama mtoto. Mafuta ni mafuta, mama!

Nimelipenda neno hilo. Ameniazima spana zake. Nimemwahidi mayai. Akauliza, mazima? Watu wa mji huu!

Jumatano, 9 Julai

Obeid ameondoka kwa miguu, maana stesheni ni karibu. Pikipiki ni ya mayai, na ya kuonekana nayo. Nikafunga mlango wa uani, nikatundika buibui, nikakunja mikono.

Gurudumu limetoka bila matusi. Nati za juu zimetoka kwa matusi. Nuria aliuliza nimesema nini. Nikamwambia hicho ni Kiingereza, asikirudie.

Ndani, balaa tupu. Springi zimejikunyata kama wazee kwenye baridi. Mafuta yaliyobaki hayajai kifuniko. Vipete vimekauka kama maganda ya ndizi.

Hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi, nami naiandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeisifu. Kwanza, springi. Nimechukua zile senti kumi kumi za matumizi, zenye tundu katikati, nikazipanga juu ya springi kama sahani kabatini. Zimeingia barabara! Utadhani serikali ilizitoboa kwa ajili yangu.

Pili, vipete. Ilihitajika ngozi nene, laini, iliyokomaa. Nyumba hii ina ngozi hiyo mahali pamoja tu: makubadhi ya Obeid, aliyoletewa na mama yake kutoka pwani. Ni ya kuendea msikitini Ijumaa. Leo Jumatano. Nimekata nyayo zote mbili. Kanda za juu nimezihifadhi. Mimi si mharibifu.

Tatu, mafuta. Ya pikipiki hatuna. Ya taa ni mepesi. Lakini ipo chupa ya mafuta ya nazi anayotuletea Bi Kuluthum kwa treni kila mwezi, safi, ya kunukia, na ilikuwa dirishani juani, mahali pake pa siku zote. Nimemimina. Yametiririka kama maji ya mfereji. Mafuta ni mafuta!

Saa nane jua kali, kazi imekwisha. Nimekalia kiti, nimebonyeza usukani. Ikashuka taratibu, ikapanda taratibu. Godoro la bibi harusi! Nikampakata Rashidi, nikampandisha Nuria mbele yangu, nikawabembeleza hapo hapo uani, juu, chini, mpaka wote wawili wakalala. Nyumba yangu ikanyamaza. Nilikuwa nimesahau sauti ya kunyamaza.

Jioni Obeid amebonyeza usukani, nyusi zikapanda. Nani amefanya? Nikasema ni fundi wa Gilgil, wa pikipiki za jeshi, alikuwa anapita. Si uongo mwingi. Gilgil ipo na jeshi lipo. Obeid akatikisa kichwa kwa furaha. Akasema unaona, mke wangu, kazi inataka mwanaume aliyeisomea.

Nikamwongezea mchuzi. Nilijiona mwema sana.

Alhamisi, 10 Julai

YOTE!

Hakuna hata moja lililofika na umbo lake. Obeid anasema kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, na pikipiki haikushuka wala kupanda. Imeruka! Kila jiwe la barabara ya Lanet amelisikia kwenye meno, na anaweza kuyataja kwa mpangilio. Mzee Khisa amefunua sanduku, amefunika, akamwuliza kama safari ijayo tutaleta na chumvi kabisa.

Obeid anamtaka yule fundi wa Gilgil. Anasema ana maneno machache naye. Nikamwambia mafundi wa jeshi huwa hawana anwani.

Bi Mastura amechungulia mlangoni kunipa pole. Pole, Mama Nuria, pole sana shoga, nimeambiwa. Umeambiwa na nani, nikauliza, Sultani? Akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipomsindikiza nje, hata punda wake alinitazama kwa huruma. Naichukia huruma ya punda.

Mchana nimebonyeza usukani. Laini! Imeshuka, imepanda, godoro lile lile. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Nikiibonyeza mimi, inashuka. Akiiendesha Obeid, haishuki.

Kwa hiyo kosa ni la Obeid.

Ijumaa, 11 Julai

Nilisahau kwamba Ijumaa hufika.

Obeid ameoga, amevaa kanzu nyeupe, amejifukiza udi, akaanza kutafuta makubadhi. Chini ya kitanda. Nyuma ya mlango. Ndani ya kapu la nguo. Nikamsaidia kutafuta, kwa bidii, mpaka jasho likanitoka. Mwishowe nikasema huenda ni yule fundi wa Gilgil.

Obeid akasimama katikati ya chumba. Mtu huyo, akasema polepole, amevunja mayai yangu na ameniibia viatu?

Amekwenda msikitini na kanzu na viatu vya kazi vya stesheni. Wenzake wamemwuliza anakwenda kuswali au kuhamisha mabehewa. Naye amewasimulia wote juu ya mwizi wa Gilgil, kwa sauti, na mzee mmoja wa Gilgil alikuwepo. Mzee amekasirika. Amesema mji wake hauna mtu wa namna hiyo. Ni kweli kabisa, hauna.

Jumamosi, 12 Julai

Nimetafakari upya. Huenda si Obeid. Huenda ni zile senti, nimepanga nyingi mno. Tena leo Obeid ameuliza pesa ya matumizi iko wapi, nikamjibu iko kazini.

Alipotoka nimefungua nati na kutoa nusu ya senti. Nimezifuta, nimezipeleka sokoni. Mwuza maharagwe amenusa senti zangu moja moja. Mama, akauliza, kwenu leo mnapika wali wa nazi? Nikamwambia apime maharagwe aache umbea.

Saa nane nimejaribu tena juani. Imeshuka! Imepanda! Sasa iko sawasawa. Jumatatu Mzee Khisa atanywa maneno yake kwa kikombe.

Jumapili, 13 Julai

Baridi ya asubuhi imeuma kweli. Nimemkalisha Nuria kwenye mkeka karibu na jiko nimsuke nywele. Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi, nikaigeuza kiganjani. Hakikutoka kitu. Nikatazama. Meupe, magumu, kama mshumaa ndani ya chupa.

Nikaisogeza kando ya makaa iyeyuke, kama ninavyofanya kila asubuhi ya Julai tangu nijue kushika chupa. Kama alivyofanya mama yangu. Kama anavyofanya kila mwanamke wa Bondeni mwenye nywele. Nikaendelea kuchana. Msuko wa kwanza. Nikaanza wa pili.

Mkono ukasimama.

Nuria akauliza, Mama, mbona husuki? Nikamwambia ana nywele nzuri sana.

Basi ndani ya miguu ile hakuna mafuta asubuhi. Kuna mshumaa! Obeid ameendesha mishumaa miwili kutoka Bondeni mpaka Lanet. Na mimi, mwerevu, nimekuwa naijaribu saa nane mchana.

Mtu mwingine angeyamwaga. Lakini leo Jumapili, duka la spea limefungwa, na mayai yanaondoka kesho. Tena tuseme haki, mafuta yenyewe hayana kosa. Yanafanya kazi vizuri sana yakiwa na joto. Chenye kosa ni baridi. Na dawa ya baridi naijua: ile ile ya chupa.

Nimeandaa pasi ya makaa na blanketi la Rashidi.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika ili nisilie.

Alfajiri nimewasha pasi, nimeipitisha kwenye miguu ya pikipiki juu mpaka chini, kama napiga kanzu pasi. Nikaizungushia blanketi la mtoto. Nimebonyeza. Imeshuka! Obeid akatokea mlangoni na taa, akaona mke wake anaipiga pikipiki pasi.

Kabla sijafungua kinywa, Nuria akasema kwa fahari, Baba, fundi ni Mama. Alikata viatu vyako kwa kisu cha vitunguu.

Obeid akaishusha taa. Aliangalia miguu ile, akaangalia viatu vyake vya stesheni, akaniangalia mimi. Halafu akauliza kwa upole, na mtu wa Gilgil? Nikasema hayupo. Akasema atakwenda kumwomba radhi yule mzee wa msikitini. Akafunga sanduku, akapanda, akaondoka. Mpaka kona ya barabara ilikwenda kama mawingu. Nilipiga vigelegele, peke yangu, na mtoto mgongoni.

Ilikwenda kama mawingu mpaka kwenye reli. Baada ya reli, uwanda mtupu, na upepo wa Julai unatoka ziwani. Blanketi likapeperuka, likaanguka nyuma huko. Mafuta yakaganda. Mengine, yaliyokuwa ya moto, yalishapita kwenye ngozi ya makubadhi na kumrukia Obeid magotini, nayo yakaganda hapo.

Mzee Khisa alinusa sanduku. Aliuliza mbona maafa ya leo yananukia harusi. Kisha akaacha mzaha. Akasema, mwambie mama watoto namheshimu, mayai yake ni makubwa na mazuri nikiyapata mazima, lakini mimi nina maofisa na kengele ya saa moja. Oda amempa Bi Mastura.

Obeid amerudi, amekaa, amevua suruali yenye mafuta. Hakunifokea. Heri angefoka. Amesema Jumamosi kuna treni, nianze kufunga vitu.

Nikaenda bandani nikakaa na kuku. Rashidi akanyonya, Nuria akaja akajibanza ubavuni kwangu. Akauliza Mombasa kuna baridi? Nikasema hakuna. Akauliza Baba atakuwepo? Nikamwambia ashike yai hili, lina joto, aliweke shavuni. Akaliweka.

Jumanne, 15 Julai

Nimefunga sufuria. Za Mombasa ziko, lakini zangu safari hii hazifunuliwi na mtu.

Mchana Bi Mastura amebisha hodi. Nikajipanga kupokea kejeli. Amekaa, amekataa chai, halafu ameikubali. Amezunguka weee, habari za watoto, habari za bei ya mahindi. Mwishowe akalitoa. Oda ya mesi ni kubwa. Kuku wake hawafiki nusu. Alimwambia Mzee Khisa anaweza, kwa sababu alitaka kunikomesha, na sasa Alhamisi inakuja na kapu halijai.

Yaani wewe, nikamwambia, umeninyang'anya mteja na hukuwa na mayai? Akasema, shoga, na wewe ulikuwa na mayai na hukuwa na miguu. Tukatazamana. Nani alianza kucheka sijui. Nitasema ni yeye.

Tumekubaliana. Ananunua mayai yangu yote, kila safari, Sultani atayabeba. Ila ana sharti moja, na alinyoosha kidole alipolisema: nisiguse chochote kinachotembea. Nikaapa.

Obeid aliporudi nimemwambia. Amefikiri. Akauliza, kwa hiyo mayai yananunuliwa? Yananunuliwa. Hata kama yanakwenda kwa punda? Nikamwuliza kama katika ahadi yake alimtaja punda. Akakuna kichwa. Hapana, hakumtaja.

Amezitoa sufuria kwenye kapu yeye mwenyewe, akazirudisha jikoni. Mahali si pake, lakini nimeziacha hapo hapo. Kisha akauliza kama zile kanda za makubadhi bado ninazo. Nimempa. Amezishika kama anashika mkono wa marehemu.

Alhamisi, 17 Julai

Mayai yamefika. Yote! Mzee Khisa ametuma salamu kwa mama watoto, na ameuliza hali ya Sultani kwanza.

Jumapili, 20 Julai

Nimelala usiku mzima. Rashidi ana jino.

Jambo dogo tu. Gari la Bi Mastura linalia. Gurudumu la kushoto, kwiii, kwiii, mtaa mzima unajua mayai yangu yamefika wapi. Ekseli imekauka, haijaonja mafuta tangu iundwe, na Sultani anavuta kwa taabu bure. Likipakwa vizuri, litakwenda mara mbili ya hapo, na Mzee Khisa atatuongezea oda. Bi Mastura hajaliona hilo, maskini. Hakusomea.

Kiapo nakikumbuka. Nisiguse kinachotembea. Sasa hivi gari limeegeshwa ukutani, limetulia tuli, na mwenyewe amekwenda kwa dada yake mpaka jioni. Kesho alfajiri ndiyo safari. Atashangaa kwa furaha.

Na safari hii sirudii kosa. Mafuta ya nazi, hata kwa dawa! Somo hilo nimelishika vizuri. Nimechagua samli, ya ng'ombe wa Lanet, iliyozoea hali ya hewa ya hapa. Nimeichota kwa kisu, maana asubuhi hii imekuwa ngumu kidogo.